Shanga za Lukenya na Mikufu ya Ukambani: Somo juu ya Asili ya Mapambo

Asafiriye kwa barabara kuu kutoka Nairobi kwenda Mombasa, akisha kuupita mji wa Athi River na viwanda vyake vya saruji, huona mlima wa mawe ulioinuka juu ya mbuga. Jina lake ni Lukenya, nao umo katika nchi ya Machakos. Upande mmoja wa mlima huo ni mbuga za Athi na Kapiti, ambako Wamasai walichunga ng'ombe zao tangu zamani. Upande wa pili ndiko vinakoanza vilima vya Ukambani. Majabali ya Lukenya yana mapango mafupi mengi, na ndani ya mapango hayo watu wamejikinga jua na mvua kwa maelfu ya miaka. Waliacha majivu yao, mifupa ya wanyama waliowala, visu vidogo vya mawe, na vipande vya maganda ya mayai ya mbuni. Katika masazo ya namna hiyo, kitu kilicho kidogo kuliko vyote mara nyingi ndicho chenye habari kubwa, nacho ni ushanga.

Somo hili ni juu ya mapambo ya jadi: yalitoka wapi, yalitengenezwaje, na yalikuwa na maana gani kwa watu walioyavaa. Litaanza Lukenya, lipite katika njia za biashara za Ukambani na Pwani, lifike ng'ambo ya bahari, kisha lirudi nyumbani kwa msomaji. Maana huenda ndani ya nyumba yake, katika sanduku la bibi yake, mna kitu ambacho habari zake zimo hatarini kupotea.

USHANGA WA GANDA LA YAI

Wataalamu wa mambo ya kale walichimba Lukenya katika miaka ya 1970, wakapata katika pango moja kipande cha fuvu la kichwa cha mtu. Mwaka 2015 mtaalamu Christian Tryon na wenzake walitangaza matokeo ya vipimo 26 vya maganda ya mayai ya mbuni yaliyotoka katika udongo wa pango lile lile. Vipimo hivyo vilionyesha ya kuwa mtu yule aliishi yapata miaka 23,000 iliyopita, wakati dunia ilipokuwa na baridi kali na barafu nyingi. Hivyo ganda la yai, ambalo mlaji alilitupa karibu na moto wake, limekuwa kama saa ya kuwahesabia wataalamu miaka.

Lakini si kila ganda lilitupwa. Watu wa zamani walilitumia ganda zima kuwa chombo cha kuchukulia maji, na vipande vyake walivifanya shanga. Kazi yenyewe ni ya subira. Ganda huvunjwa vipande vidogo mfano wa ukucha. Kila kipande hutobolewa tundu katikati kwa jiwe kali au kwa chuma. Kisha vipande hutungwa katika uzi wa kano, vikabanwa pamoja, na utungo wote husuguliwa juu ya jiwe mpaka pembe zote zimekwisha na kila kipande kimekuwa duara. Mara nyingi kipande hupasuka wakati wa kutobolewa, na kazi ikaanza upya. Ufundi huu haujafa: wanawake wa Kiturkana katika kaskazini ya Kenya wameuhifadhi hata zama zetu, na hali kadhalika Wasan wa jangwa la Kalahari.

Shanga za namna hii ni za kale sana katika nchi zetu. Katika pango liitwalo Enkapune ya Muto, karibu na Naivasha, zimepatikana shanga za yapata miaka 40,000. Katika pango la Panga ya Saidi, nchi ya Kilifi, zimepatikana shanga za ganda la yai na za makombe ya bahari, na zilizo za kale kabisa zapita miaka 60,000. Huko Morocco, katika pango la Bizmoune, wataalamu walitangaza mwaka 2021 ya kuwa wamepata makombe madogo yaliyotobolewa, ambayo umri wake ni miaka 142,000 au zaidi. Basi Mwafrika alijipamba kabla hajajua kulima, kabla hajafuga ng'ombe, na kabla hajafua chuma.

PAMBO HUUNGANISHA WATU

Mtu aweza kuuliza: mwindaji asiye na ghala wala shamba, ambaye kesho yake haijui, kwa nini apoteze siku nyingi kwa kusugua vipande vya ganda? Jibu moja limepatikana kwa kuzipima shanga zenyewe. Mwaka 2022 wataalamu Jennifer Miller na Yiming Wang walitangaza uchunguzi wa shanga 1,516 za ganda la mbuni kutoka mahali 31 katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Waliona ya kuwa kati ya miaka 50,000 na miaka 33,000 iliyopita, watu wa pande hizo mbili, ambao walitengana kwa mwendo wa kilometa kama 3,000, walitengeneza shanga zilizofanana mno kwa ukubwa na umbo. Hapana shaka mtu mmoja hakutembea mwendo huo wote. Ufundi ulipita kutoka mkono hata mkono, jirani akimwiga jirani. Baadaye mfanano ule ulikatika, na wataalamu hao hudhani ya kuwa mabadiliko ya mvua katika bonde la Zambezi ndiyo yaliyowatenga watu.

Lukenya nako kuna dalili ya ujirani wa namna hiyo. Katika visu vya mawe vilivyopatikana pale, vingine vimechongwa kwa jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, ambalo asili yake ni volkano za Bonde la Ufa, upande wa Naivasha. Kwa miguu hiyo ni safari ya siku kadhaa. Ama watu wa Lukenya walikwenda kulichukua, ama walilipata kwa jirani zao.

Faida ya ujirani huo yaonekana vizuri kwa Wasan wa Kalahari, ambao wana desturi iitwayo hxaro. Mtu humpa mwenzake wa mbali zawadi, mara nyingi shanga, naye hairudishi siku ile ile. Hukaa nayo, kisha siku nyingine humletea mwenzake zawadi ya namna nyingine. Maadam deni halijalipwa, urafiki haujavunjika. Mwaka wa ukame ukifika, mwenye njaa huenda akakaa katika nchi ya rafiki yake mpaka mvua inyeshe. Kwa hiyo ushanga shingoni ulikuwa akiba kwa siku ya shida, kama vile ng'ombe aliyewekwa kwa jamaa wa mbali.

Walakini yafaa msomaji atambue neno moja. Habari za hxaro zajulikana kwa sababu wenyewe wako, nao waliulizwa wakajibu. Shanga za mapango ya kale zaweza kupimwa na kuhesabiwa, lakini aliyezivaa hayupo wa kuulizwa. Je, zilikuwa za bibi arusi? Zilikuwa za mwindaji hodari? Zilikuwa dawa ya mtoto? Kitu kimebaki, maana yake imekwisha.

WAYA KUTOKA PWANI, MKUFU KUTOKA UKAMBANI

Sasa tuje karibu na siku zetu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Wakamba walikuwa wafanyabiashara mashuhuri wa bara. Misafara yao ilipeleka pembe za ndovu Rabai na Mombasa, ikarudi na nguo, shanga na waya. Mmoja wa wakubwa wa biashara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui. Mwaka 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwake, na huko, tarehe 3 Desemba, akauona mlima wa Kenya na theluji yake. Kivoi aliuawa mwaka 1851 katika safari ya kuelekea mto wa Tana, na Krapf alikuwa pamoja naye.

Waya uliotoka Pwani watu waliuita masango. Ulikuwa wa shaba nyekundu au ya manjano, mnene, umeviringwa mizigo mizigo kwa ajili ya mabega ya wapagazi. Asili yake ilikuwa viwanda vya ng'ambo. Lakini ulipofika Ukambani haukuvaliwa tu kama ulivyokuja. Mafundi waliufanya mwembamba, na kutoka huo wakafanya mikufu myembamba ambayo sifa yake ilienea mpaka kwa majirani.

Kazi hiyo huenda hivi. Fundi ana bamba la chuma lenye matundu mengi, kila tundu dogo kuliko lililotangulia. Huinoa ncha ya waya, huipitisha katika tundu kubwa, huikamata kwa koleo na kuivuta kwa nguvu. Waya hutoka mrefu zaidi na mwembamba zaidi. Kisha huupitisha katika tundu la pili, na la tatu, mpaka ufike wembamba autakao. Ndipo huuzungusha juu ya kijiti kilichonyoka, pete moja karibu na nyingine, kama uzi katika kigurudumu. Hukata pete hizo kwa tindo upande mmoja, akapata mamia ya vipete vilivyo sawasawa. Halafu hukishika kimoja, hukitia katika mwenzake, hukifunga kwa koleo. Na kingine, na kingine tena. Mkufu mmoja wa shingoni waweza kuwa na vipete mamia mengi, na macho yasione mahali vinapoungana.

Mswedi mmoja msomi, Gerhard Lindblom, alikaa na Wakamba mwaka 1911 na 1912, na kitabu chake kikubwa juu yao kilichapishwa Uppsala mwaka 1920. Humo aliueleza ufundi huu wa mikufu, nao huhesabiwa kuwa miongoni mwa kazi bora za mikono katika Afrika ya Mashariki. Waya huo huo uliingia pia katika viti vya wazee: mchongaji alichora duara na mistari juu ya kiti cha miguu mitatu, akaupigilia waya mwembamba ndani ya mti, mpaka kiti kikang'aa kama kimepakwa dhahabu. Mzee alipokikalia katika thome, yaani uwanja wa wanaume mbele ya boma, kila aliyepita alijua ya kuwa hapo ameketi mtu wa heshima.

Basi, mkufu huu wa shaba ulikuwa wa nani? Shaba ilitoka ng'ambo, ikapita mikononi mwa Wahindi na Waarabu na Waswahili, ikabebwa na wapagazi. Lakini mkufu ulikuwa wa Wakamba, kwa sababu wao ndio walioufanya kuwa mkufu, na wao ndio waliojua nani auvae na siku gani.

MWENYE KUCHAGUA ALIKUWA MNUNUZI

Hali ya shanga za kioo ilikuwa hivyo hivyo. Shanga za kioo kutoka nchi za Bahari ya Hindi zilifika katika miji ya pwani yetu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita; zimechimbuliwa Shanga katika kisiwa cha Pate, na Unguja Ukuu. Karne nyingi baadaye zilikuja nyingine kutoka Ulaya. Katika Italia zilitengenezwa Venice, hasa katika kisiwa cha Murano, ambako tanuru za kioo zilihamishiwa mwaka 1291 kwa hofu ya moto mjini. Na katika Bohemia, nchi iliyo leo sehemu ya Jamhuri ya Cheki, mji wa Jablonec ulipata umaarufu kwa shanga ndogo ndogo za kioo. Shanga za Cheki ndizo mpaka leo zitumiwazo sana na wanawake wa Kimasai na Kisamburu katika kazi yao.

Wengi hudhani ya kuwa Mzungu alileta shanga zozote alizotaka na Mwafrika akazipokea kwa furaha kama mtoto. Habari za wasafiri wenyewe zaonyesha vingine kabisa. Richard Burton, aliyesafiri kutoka Pwani mpaka Ziwa la Tanganyika kati ya mwaka 1857 na 1859, alieleza ya kuwa shanga za biashara zilikuwa za aina kama 400, kila moja na jina lake, bei yake na nchi yake. Zile nyekundu zenye moyo mweupe, ziitwazo samisami, zilipendwa mno. Zilikuwa na majina mengine ya mzaha, yenye maana ya kwamba zavunja mji, au zamaliza chakula, kwa vile mwenye kuzitamani hutoa hata kilichomo jikoni. Henry Stanley, alipokuwa akijitayarisha Unguja mwaka 1871, alijifunza ya kuwa ushanga uliopendwa katika nchi moja ulikataliwa kabisa katika nchi ya pili. Na asiyejua hayo alibeba mzigo wa bure. Alieleza pia ya kuwa bara ushanga ulikuwa kama sarafu ndogo, nguo kama fedha, na waya kama dhahabu.

Joseph Thomson naye, alipokuwa Taveta mwaka 1883 akijiandaa kuingia nchi ya Wamasai, ilimbidi watu wake wakae kitako wazitunge shanga zote upya, kwa urefu uliokubaliwa na Wamasai. Msafara mzima wa watu wenye bunduki ulingoja uzi na ushanga. Kwa hiyo mwanamke wa bara, aliyesema sokoni kwamba rangi hii naitaka na ile siitaki, neno lake lilisafiri mpaka Pwani, likavuka bahari, likamfikia fundi wa kioo katika Venice, naye akabadili rangi katika tanuru yake.

VITU VYA MBALI, MAANA YA NYUMBANI

Yaonekana basi ya kuwa pambo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kitu chenyewe, yaani shaba, kioo, kombe, ganda au fedha, nacho mara nyingi hutoka mbali. Ya pili ni maana, nayo hufanywa nyumbani na watu wenyewe. Mifano ni mingi.

Wanawake wa Kisamburu walioolewa wana mkufu mzito uitwao mporro. Hutungwa kwa shanga nyekundu na nyuzi za mkoma. Zamani nyuzi hizo zilikuwa singa za mkia wa twiga au wa ndovu. Shanga zilitoka Ulaya, lakini fundi wa Venice hakujua hata kidogo ya kuwa kazi yake ingekuwa alama ya ndoa katika nchi kavu ya kaskazini ya Kenya.

Katika Buganda, kauri za baharini zilitumiwa kwa mapambo, kwa ibada na kwa biashara. Ziliitwa ensimbi, neno lililo ndugu wa simbi ya Kiswahili. Leo hakuna anunuaye ndizi kwa kauri katika soko la Kampala, lakini Mganda akitaja fedha ya mfukoni mwake husema ensimbi. Kombe limekwisha kazi yake, jina lake lingali lafanya kazi.

Katika Pwani, mwanamke alijulikana kwa kipini puani, majasi masikioni, vikuku mikononi na mafurungu ya fedha miguuni. Masonara wa Lamu, Mombasa na Unguja waliyeyusha riale za fedha, zile za Austria zenye sura ya malkia Maria Theresa na mwaka 1780. Masonara wa Oman na wa Uhabeshi walifanya vivyo hivyo. Sarafu ya Ulaya ikawa mtali wa bibi arusi wa Kiswahili.

Na ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, katika Marekani ya Kaskazini, Wairokwoi walizitwaa shanga nyeupe na za zambarau zilizochongwa kutokana na makombe ya baharini, wakazifuma kuwa mikanda iitwayo wampum. Kila mkanda uliandika agano: agano la amani, agano la mipaka, agano na Wazungu. Katika baraza, mzee aliyefundishwa aliushika mkanda mikononi akaeleza maneno yake mbele ya watu. Mikanda mingi ilichukuliwa ikawekwa katika majumba ya makumbusho. Mwaka 1989 makumbusho ya jimbo la New York yaliwarudishia Waonondaga, mmoja wa mataifa ya Wairokwoi, mikanda 12. Mikanda ile iliporudi, ilikuta nyumbani watu ambao bado walishika mabaraza yao na habari za maagano yao. Hapo ndipo penye somo kubwa: kitu kilichopotea chaweza kurudishwa, lakini kikirudi na kusikuwe na ajuaye habari zake, kimerudi nusu.

KWA NINI MAPAMBO YALIVULIWA

Sababu zilikuwa nyingi. Utawala wa Waingereza ulipoingia, kodi ilitakiwa kwa rupia, na baadaye kwa shilingi. Mikufu na shanga hazikukubaliwa. Reli ilipojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, bidhaa za viwanda zilifika bara kwa bei nafuu. Waya uliendelea kupendwa kwa muda. Katika nchi ya Wanandi, ambao walipigana na Waingereza mpaka mwaka 1905, waya wa simu ulikatwa mara kwa mara na kugeuzwa mapambo, hasara kwa serikali na uzuri kwa mvaaji. Lakini taratibu shati na gauni vilichukua mahali pa shaba. Katika shule nyingi za misheni mapambo ya jadi yalihesabiwa kuwa alama ya ushenzi, na kijana aliyetaka kusoma aliyavua mlangoni.

Mikono ya Ukambani haikulala. Yasemekana ya kuwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekwenda Tanganyika wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918, alijifunza huko uchongaji wa vinyago, akarudi akaufundisha kwao. Na uchongaji wa Wakamba umejulikana duniani kote. Ila mkufu wa vipete haukupata bahati hiyo. Uchongaji uliingia sokoni kwa sababu mgeni aliutaka. Mkufu ulikuwa kazi ya Mkamba kwa ajili ya Mkamba na jirani yake, na hao walipoacha kuuvaa, koleo la fundi lilikaa kimya.

Mikufu yenyewe ilikwenda wapi? Mingine ilizikwa, mingine iliyeyushwa, mingine iliuzwa kwa wasafiri na watafiti. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1940 mchoraji Joy Adamson alipewa kazi na serikali ya Kenya ya kuchora picha za watu wa makabila pamoja na mavazi na mapambo yao, kwa kuwa hata wakati ule ilionekana wazi ya kuwa yanatoweka. Na tangu mwaka 2018, Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wasanii na makumbusho ya Ujerumani walifanya orodha ya vitu vya Kenya vilivyo nchi za nje. Orodha hiyo imepita vitu 32,000, katika majumba 30 ya Ulaya na Marekani. Lakini orodha za namna hiyo mara nyingi husema tu: mkufu, shaba, Ukamba. Jina la fundi halimo. Jina la mvaaji halimo. Haisemwi kama ulivaliwa kwa ngoma, kwa harusi au kwa matanga.

MASWALI MATANO

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mapambo ya jadi ni mali, na daftari lake kwa sasa ni vichwa vya wazee wachache. Shanga za Lukenya hazina tena wa kuzisemea. Mkufu wa Kikamba, utungo wa Kimasai, kipini cha Pwani bado vinaye, lakini si kwa muda mrefu. Mtu asingoje serikali wala wataalamu. Mwenye kalamu na daftari la shule, aliye na bibi au babu, aweza kuifanya kazi hii Jumapili moja baada ya chakula. Aulize maswali matano, na kuandika majibu kama yalivyosemwa, kwa lugha ile ile ya mzee:

1. Kitu hiki chaitwaje kwa lugha ya kwetu, na kila sehemu yake yaitwaje?

2. Kimefanywa kwa nini, na kitu hicho kilipatikana wapi?

3. Nani alikifanya, na alijifunza kwa nani?

4. Nani aliruhusiwa kukivaa, lini, na nani alikatazwa?

5. Kilifikaje katika nyumba hii, na kilipita mikononi mwa nani?

Karatasi ya majibu na iwekwe pamoja na kitu chenyewe, na nakala yake na iwekwe kwa ndugu mwingine. Pambo la kale lisisuguliwe kwa mchanga wala dawa ya kung'arishia, maana uchafu wake na kuchakaa kwake ni sehemu ya habari zake. Na ajapo mnunuzi na fedha mkononi, mwenye nyumba na ajiulize kwanza kama ameandika majibu hayo. Pengine shida ya karo au ya hospitali itamlazimu kuuza, na hakuna wa kumlaumu. Lakini habari hazina haja ya kuuzwa pamoja na kitu.

Kwa wakaao Lukenya na vilima vilivyo karibu, kuna neno la zaidi. Viwanja vinapimwa, nyumba zinajengwa, na mawe yanachimbwa. Jembe au tingatinga laweza kufukua katika saa moja kilichotulia kwa miaka 20,000. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 yalinda vitu vya kale: hakuna ruhusa ya kuvichimba bila leseni, na avumbuaye kitu cha namna hiyo yampasa kutoa habari. Basi aonaye mifupa, vyungu, visu vya mawe au shanga katika udongo asivikusanye mfukoni. Na aviache mahali pake, aweke alama, apeleke habari kwa Makumbusho ya Taifa. Kwa maana ushanga uliookotwa bila kujulikana ulilala wapi, na pamoja na nini, umepoteza hata zile habari chache ulizokuwa umezihifadhi.